Kutafuta robo sekunde: shajara ya modeli yetu ya serebelamu

Januari

Tumekubaliana kuwa na swali moja tu, na nimelibandika juu kabisa ya faili la mradi huu wa kuiiga serebelamu, yaani ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, ndani ya kompyuta, ili tusije tukajisahau tukaanza kujenga kila kitu: robo sekunde inakaa wapi?

Swali limetokana na jaribio la zamani. Unamsikilizisha sungura mlio, kisha milisekunde 250 baadaye unampulizia hewa jichoni. Ukirudia vya kutosha, sungura ataanza kufumba jicho kwa mlio pekee, hata hewa isipokuja. Kufumba kwenyewe hakushangazi. Kinachoshangaza ni kwamba anafumba kwa wakati: kope zinakutana karibu na ile nukta ambayo hewa ingefika. Ukibadilisha muda ukawa milisekunde 500, atajifunza upya na kuchelewesha kufumba. Ukiufupisha chini ya milisekunde 80 hivi, hajifunzi kitu. Mwaka 1984 McCormick na Thompson walionyesha kwamba ukiharibu eneo dogo kwenye viini vya ndani vya serebelamu, mazoea hayo yanafutika, ilhali jicho bado linafumba vizuri tu likipulizwa. Kwa hiyo mahali pa kujifunzia panajulikana. Saa ndiyo inayogombaniwa.

Watu wakisikia ubongo, wengi hufikiria gamba la juu lenye mikunjo. Lakini kati ya nyuroni (seli za neva) takriban bilioni 86 za ubongo wa binadamu, kama bilioni 69 ziko serebelamu, kwenye kipande ambacho uzito wake haufiki mbali zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Karibu zote hizo ni aina moja ya seli, seli punje. Kwa mtu wa modeli hapa ndipo panapotamanisha kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubongo: aina za seli ni chache, zimeunganishwa kwa mtindo uleule kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mtindo huo umejulikana tangu michoro ya Cajal, mchunguzi wa seli za neva, mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa kifupi, kwa atakayejiunga katikati: taarifa huingia kwa nyuzi za kuvumwani, ambazo huamsha seli punje. Kila punje hupandisha aksoni yake (uzi wa kutolea ishara) juu, inagawanyika kama herufi T na kuwa uzi sambamba, na uzi huo hupita katikati ya dendraiti (matawi ya kupokelea ishara) za seli nyingi za Purkinje. Seli ya Purkinje ndiyo pekee inayotoa jibu la gamba la serebelamu, na jibu lake ni la kuzuia: hutuliza vile viini vya ndani. Pembeni kuna seli za Golgi zinazozuia punje. Halafu kuna mgeni wa ajabu: uzi wa kukwea, kutoka kiini cha zeituni ya chini kwenye shina la ubongo. Kila seli ya Purkinje ya mnyama mzima ina uzi wa kukwea mmoja tu, na huo mmoja unatosha kuitikisa seli nzima.

Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Japani lilichapisha modeli ya nyuroni bilioni 68, iliyoendeshwa kwenye kompyuta kuu iitwayo K. Nawavulia kofia. Sisi tutachukua kiraka kidogo, punje maelfu kadhaa na seli za Purkinje za kuhesabika, kwa sababu swali letu ni la muda, na muda unaweza kuonekana hata kwenye kiraka.

Februari

Tumeanza na punje. Ni seli ndogo mno. Mwili wake una upana wa mikromita 5 hadi 8 na dendraiti nne hivi, fupi, kila moja ikishika uzi mmoja wa kuvumwani. Kwa modeli hii ni raha tupu. Huhitaji kuikata vipande mamia. Umeme unasambaa ndani yake karibu papo hapo, kwa hiyo seli nzima inaweza kuchukuliwa kama chumba kimoja.

Tunatumia NEURON, programu ya kuigiza seli za neva, tukiiendesha kwa lugha ya Python. Jambo moja la kuandikwa kwa wino mwekundu kwa kila mgeni: programu hii, usipoigusa, inachukulia kwamba joto ni nyuzi 6.3 za Selsiasi. Namba hiyo haikutoka hewani. Ndiyo halijoto inayohusishwa na milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952 inayoeleza mpigo wa umeme wa neva, iliyotungwa kutokana na aksoni nene ya ngisi wa baharini. Milango ya ioni, yaani chaneli zinazopitisha chembe zenye chaji kwenye utando wa seli, hufunguka na kufungwa kwa kasi inayopanda mara tatu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10, katika milinganyo ile. Ukitoka 6.3 ukafika 37, kasi imepanda karibu mara 29. Kwa hiyo kila faili la chaneli tunalolichukua kutoka modeli za watu, swali la kwanza ni: hivi vilipimwa kwa joto gani, na nani alivibadilisha kwenda joto gani? Baadhi ya mafaili yana marekebisho ya joto ndani yake tayari, mengine hayana, na ukiyachanganya bila kusoma unapata seli yenye milango ya sodiamu ya mnyama mwenye damu moto na milango ya potasiamu iliyoganda. Tumetengeneza jedwali la chaneli zote na joto la kila moja. Ni kazi ya karani, lakini bila hiyo hakuna namba ya muda itakayoaminika, na mradi wote huu ni wa muda.

Sasa hesabu ya kwanza yenye maana. Utando wa punje unahifadhi chaji kidogo sana, kiasi cha pikofaradi 3. Ukinzani wake ni mkubwa, kiasi cha gigaomu 1. Zidisha: milisekunde 3. Huo ndio muda ambao seli hii, ikiachwa peke yake, inakumbuka kilichoipata. Vipokezi vya NMDA, aina ya polepole iliyo kwenye sinapsi zake (viungo vya kupokelea ishara za seli nyingine), vinaweza kurefusha mambo hadi makumi ya milisekunde, basi. Robo sekunde haikai ndani ya punje moja.

Vipi kwenye nyuzi sambamba? Wazo hili lina heshima yake. Braitenberg alilitoa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyuzi hizi ni nyembamba na ishara hutambaa ndani yake polepole, kiasi cha robo mita kwa sekunde. Labda basi muda unasomwa kwa umbali: seli ya Purkinje iliyo mbali inapata habari kwa kuchelewa. Wazo zuri. Lakini mkono mmoja wa uzi sambamba wa panya ni milimita mbili na nusu hivi. Gawanya kwa kasi hiyo: milisekunde 10. Tumeuweka ucheleweshaji huo kwenye modeli kwa sababu ni wa kweli, na tumeusahau kwa sababu hautoshi.

Machi

Seli za Golgi zimetuchukua mwezi mzima na sijutii.

Kwenye vitabu seli ya Golgi huchorwa kama kidhibiti sauti: punje zikizidi kelele, Golgi inazituliza. Ukiiweka hivyo kwenye modeli, mtandao unatulia kweli, na hakuna kitu kingine kinachotokea. Mlio unaingia, kundi fulani la punje linawaka, linaendelea kuwaka hadi mlio uishe. Seli ya Purkinje inayosikiliza kundi hilo haina njia ya kujua kama mlio umeanza milisekunde 50 au 250 zilizopita, maana inaona picha ileile.

Mambo mawili yamebadilisha picha hiyo. La kwanza ni kwamba seli ya Golgi haisubiri kuambiwa. Inapiga yenyewe, taratibu, bila kuchochewa, na Golgi jirani zimeunganishwa kwa vivuko vya umeme. La pili, na hili ndilo nililokuwa nalidharau vitabuni, ni kwamba uzuiaji mwingi unaofika kwenye punje hauji kwa mapigo makali ya sinapsi. GABA, kemikali ya kuzuia, inamwagika nje ya sinapsi, inatapakaa ndani ya glomeruli (vifundo ambamo nyuzi za kuvumwani hukutana na punje) na kushika vipokezi vyenye hisia kali vilivyo mbali kidogo. Matokeo yake ni uzuiaji unaopanda polepole na kushuka polepole.

Tulipoweka uzuiaji wa haraka tu, wa milisekunde chache, punje zilirudi kwenye picha moja isiyobadilika. Tulipourefusha ukawa wa takriban milisekunde 100 na kuunganisha Golgi na punje kwa nasibu, kila punje ikapata ratiba yake. Nyingine inawaka mwanzo wa mlio na kuzima, nyingine inakaa kimya kisha inaamka baadaye, nyingine inawaka mara mbili. Nilichapa mchoro wa nukta, mstari mmoja kwa kila punje, muda ukienda kulia, kisha nikaipanga mistari kwa kufuata wakati wa kuwaka kwa nguvu zaidi. Likatokea bonde linaloshuka kwa mshazari toka kona ya juu kushoto. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliuona mtandao huu kama saa: kila nukta ya muda ina kundi lake la punje, na makundi hayarudii ovyo.

Nisijitape. Umbo hili limeshaonekana katika modeli za Medina na Mauk na baadaye za Yamazaki na Tanaka, ambao mwaka 2007 waliielezea serebelamu kama dimbwi la kimiminika linalotikiswa. Tulichopata sisi ni kuliona likitoka kwenye chaneli zetu wenyewe bila kulazimishwa.

Tahadhari kwa atakayesoma mchoro ule: ukiipanga mistari yoyote kwa kufuata kilele chake, utapata mshazari hata kama data ni kelele tupu. Kwa hiyo tunapanga kwa kutumia nusu ya marudio, kisha tunachora nusu nyingine kwa mpangilio uleule. Mshazari wetu unabaki, ingawa unafifia kuelekea kulia. Kufifia huko nitakurudia.

Aprili

Mwezi wa klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) na mafaili. Hatua ya muda ni milisekunde 0.025, kwa hiyo sekunde moja ya maisha ya seli ni hatua 40,000. Kwa punje hiyo si hoja. Kwa Purkinje itakuwa hoja, na ndiyo sababu tumeigawa kazi kwenye mashine nyingi kabla ya kuifikia. Mbegu za nasibu, yaani namba za kuanzishia bahati nasibu ya kompyuta, sasa zinaandikwa kwenye jina la kila faili la matokeo. Hakuna zaidi cha kusema.

Mei

Seli ya Purkinje. Purkyně aliieleza mwaka 1837, na tangu siku hiyo hakuna aliyeichora vibaya kiasi cha kuifanya isipendeze. Dendraiti zake zimetandazwa bapa, na nyuzi sambamba zinapenya bapa hilo zikiwa wima kwake. Kwa panya, zaidi ya nyuzi 150,000 zinaigusa seli moja.

Modeli iliyofungua njia ni ya De Schutter na Bower, mwaka 1994: vyumba 1,600, chaneli za aina kumi, juu ya umbo la seli halisi. Piga hesabu: vyumba 1,600 mara hatua 40,000 ni masasisho milioni 64 ya vyumba kwa sekunde moja ya seli moja, na kila chumba kina milango yake ya kukokotolewa. Tulijadiliana sana kama tunahitaji undani wote huo. Msimamo wangu ulikuwa na umebaki kwamba umbo linahitajika kwa swali la kalsiamu, na halihitajiki kwa swali la mpigo. Mipigo ya sodiamu inazaliwa karibu na mwili wa seli na inafifia haraka ikijaribu kurudi kwenye dendraiti, kwa kuwa dendraiti za Purkinje zina uhaba wa chaneli za sodiamu. Llinás na Sugimori walishaona mwaka 1980 kwamba huku juu ni himaya ya kalsiamu na kule chini ya sodiamu. Kwa hiyo tumejenga seli mbili: kubwa yenye matawi yote, na ndogo yenye vyumba vichache iliyopimwa ifanane na kubwa kwa tabia ya mipigo. Mtandao unatumia ndogo. Kubwa inaitwa pale tu mtu anapouliza kuhusu matawi.

Sasa, kwa karibu. Nimefungua dirisha la volteji ya seli ndogo, bila pembejeo yoyote: hakuna punje, hakuna uzi wa kukwea. Inapiga. Mpigo, unashuka hadi karibu milivolti −65, na badala ya kulala pale, mstari unaanza kupanda tena mara moja, kwa mwinuko laini, hadi kizingiti, mpigo mwingine. Makumi ya mipigo kwa sekunde, bila kuombwa. Siri iko kwenye mkondo wa sodiamu ambao Raman na Bean waliueleza mwaka 1997: baada ya mpigo, utando ukiwa unashuka, milango ambayo ilikuwa imezibwa inazibuliwa na kuvuja tena kwa muda mfupi. Seli nyingi hupumzika baada ya kupiga. Hii inajisukuma yenyewe kwenda mpigo unaofuata. Nilipouondoa mkondo huo kwenye faili, kasi ilishuka waziwazi. Nilipourudisha, kasi ikarudi.

Jambo hili linageuza maana ya kila kitu kinachofuata, na wageni wengi hulipitia bila kulitazama. Seli ya Purkinje ni kama mtu anayeimba mfululizo. Ujumbe wake uko pale anaponyamaza. Akinyamaza, viini vya ndani vinaachiwa, vinapiga, na kope linashuka. Kwa hiyo seli haijifunzi *lini ipige*, inajifunza *lini ikae kimya*. Robo sekunde tunayoitafuta ni ucheleweshaji wa ukimya.

Kingine: mwaka 2002 Isope na Barbour walipima miunganisho kati ya punje na Purkinje na kukuta kwamba iliyo mingi haitoi mkondo unaoonekana. Sinapsi ipo kwa macho, kwa umeme haipo. Nimeanzisha modeli yetu na uzito (nguvu) wa sinapsi nyingi ukiwa sufuri au karibu na sufuri, badala ya kuzigawia zote uzito sawa. Inaleta tofauti kubwa kuliko kuongeza matawi.

Juni

Kujifunza. Historia fupi, kwa sababu ni tamu. Marr mwaka 1969 alisema uzi wa kukwea ni mwalimu, na kwamba sinapsi zinazofanya kazi pamoja naye zinaimarika. Albus mwaka 1971 alikubali yote isipokuwa mwelekeo: akasema zinadhoofika. Mwaka 1982 Ito na wenzake walipima, na kudhoofika ndiko walikokukuta. Nadhani Albus alifikia hapo kwa hoja ya kihandisi tu: seli inayopiga muda wote na kuzuia, ukitaka ijifunze kutenda, lazima uidhoofishe.

Kanuni yetu ni hiyo: uzi wa kukwea ukipiga, sinapsi zilizokuwa hai muda mfupi kabla yake zinapungua uzito, zilizokuwa hai bila mwalimu zinapanda kidogo. "Muda mfupi kabla" si neno la mapambo. Taarifa ya kosa inachelewa njiani, na mwaka 2016 Suvrathan, Payne na Raymond walionyesha kwamba katika eneo la serebelamu linalohusika na macho, sinapsi hudhoofika vizuri pale uzi sambamba unapoutangulia uzi wa kukwea kwa milisekunde 120, jambo linalolingana na ucheleweshaji wa kosa katika njia hiyo. Yaani kanuni ya kujifunza imeshonwa kwa kipimo cha mwili. Tumekiacha kipimo hicho kiwe kigezo kinachobadilishwa, tusikizike ndani ya msimbo.

Uzi wa kukwea wenyewe hupiga takriban mara moja kwa sekunde tu. Mwalimu asiyesema sana. Kwenye modeli hilo lina maana kwamba kujifunza ni polepole, na majaribio ya kuharakisha kwa kuongeza kasi yake yanaharibu seli: kila mpigo wake huleta mpigo changamano (mpigo mkubwa wenye vilele kadhaa) kwenye seli ya Purkinje, na kalsiamu hufurika kwenye dendraiti.

Matokeo: tumeuendesha mtandao mzima, mlio ukiingia, mwalimu akipiga baada ya milisekunde 250. Ukimya umejitokeza. Mwanzoni ulikuwa mpana na wa mapema, kisha ukasogea na kubana, ukakaa pale unapotakiwa, ukitangulia hewa kidogo kama kwa sungura. Tukasogeza mwalimu hadi 500. Ukimya ukahama.

Lakini hapo nyuzi za kuvumwani zilikuwa zinapiga kwa mpangilio uleule kila marudio, mpigo kwa mpigo. Mnyama halisi hapewi anasa hiyo. Tulipoziruhusu zipige kwa nasibu, kasi ya wastani ikiwa ileile lakini mipigo ikiangukia mahali tofauti kila mara, ukimya wa 250 ulinenepa na ule wa 500 ukayeyuka. Ndiko kule kufifia kwa kulia kwa mshazari wa Machi. Njia ya punje kuelekea nukta fulani ya muda inapotoka kidogo mwanzoni, na kadiri muda unavyokwenda upotofu unakua, hadi kundi la punje linalowaka kwenye 500 leo si lile la jana.

Julai

Mwenzangu ambaye amekuwa akisimamia upande wa takwimu aliangalia michoro ya kelele na kuniambia, "Kaka, hii si saa, ni mwangwi." Nilibisha, kisha nikaenda kusoma alichomaanisha. Mwangwi unatoweka kadiri unavyokwenda. Saa haitakiwi kutoweka. Anachosema ni kwamba mtandao wetu unakumbuka mwanzo wa mlio kwa muda fulani tu, na kwamba muda huo unategemea usafi wa pembejeo zaidi ya vile ninavyopenda kukiri.

Kuna njia mbili za kuokoa saa ya mtandao. Ya kwanza ni wingi. Kiraka chetu kina punje maelfu; seli halisi ya Purkinje inasikiliza zaidi ya laki moja na nusu. Kelele za punje zinazojitegemea zinapunguzana zikijumlishwa. Tumeongeza punje, na kweli ukimya wa 250 umekuwa mwembamba tena. Ule wa 500 umepata nafuu kidogo tu, kwa kuwa upotofu unaoletwa na Golgi ni wa pamoja, na kelele ya pamoja haipungui kwa kujumlisha.

Njia ya pili ni kuleta seli ambayo kwa asili yake ni ya polepole. Ipo: seli burashi, yenye dendraiti moja fupi inayoshikamana na uzi mmoja wa kuvumwani kwa sinapsi kubwa isiyo ya kawaida, ambapo glutameti, kemikali ya kuchochea, inanaswa na kuendelea kuchochea kwa mamia ya milisekunde. Baadhi zinawaka na kukawia, nyingine zinanyamaza kwanza kisha zinawaka. Mwaka 2014 Kennedy na wenzake walionyesha kwamba kwenye samaki wa umeme wa Afrika, ambaye ana muundo unaofanana na serebelamu, seli hizi hutandaza ishara moja fupi kuwa ratiba ndefu ya punje. Samaki anaitumia kufuta ishara ya umeme wake mwenyewe. Nimeipenda suluhu hii kuliko ya wingi, kwani inaweka muda kwenye kitu unachoweza kukigusa.

Tatizo ni jiografia. Seli burashi zimejaa kwenye maeneo ya serebelamu yanayohusika na mizani ya mwili. Kwenye eneo la kufumba jicho ni adimu. Siwezi kuzimwaga pale kwa sababu tu zinanisaidia. Tumezijenga, zimeingia kwenye tawi la msimbo la mizani, na kwenye tawi la kope zimezimwa.

Agosti

Tumefika kwenye jaribio nililokuwa nikilizungukazunguka tangu Januari. Mwaka 2014 Johansson, Hesslow na wenzao waliruka hatua yote ya punje. Badala ya mlio, walichochea nyuzi sambamba moja kwa moja kwa umeme, kwenye fereti (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche), na badala ya hewa wakachochea uzi wa kukwea. Seli ya Purkinje ikajifunza ukimya wenye wakati sahihi hata hivyo.

Fikiria maana yake kwa modeli yetu. Ukichochea nyuzi moja kwa moja kwa mapigo yanayofanana, hakuna mshazari, hakuna kundi la punje la 100 na kundi la 250. Nyuzi zote zinasema neno moja muda wote. Saa ya mtandao haina pa kushika. Nimeliendesha jaribio hilohilo kwenye modeli, bila kubadilisha kigezo chochote kilichokwisha kukubaliwa. Seli imejifunza kunyamaza, ndiyo, lakini inanyamaza mara tu uchochezi unapoanza na kubaki kimya hadi unapoisha. Hakuna wakati ndani yake. Nimebadilisha dirisha la kujifunza, uwiano wa kudhoofika na kuimarika, idadi ya nyuzi. Umbo ni lilelile.

Wapo wanaosema uchochezi wa umeme unaweza kurudi nyuma kwenye aksoni, ukawasha punje na Golgi, na mtandao ukaingia kwa mlango wa nyuma. Nimelijaribu hilo pia: nikaruhusu mipigo irudi hadi kwenye punje. Kinachotokea ni vurugu fupi ya Golgi mwanzoni, kisha kutulia. Haitoi 250.

Kwa hiyo ninaandika hapa waziwazi msimamo wa mradi kwa sasa: mtandao wa punje na Golgi kwenye modeli yetu unaweza kutoa muda wa hadi robo sekunde pembejeo zikiwa safi kiasi, lakini hauwezi kueleza jaribio la 2014, na kuongeza vyumba kwenye dendraiti hakutabadilisha hilo, kwa kuwa hakuna chaneli ya volteji katika orodha yetu yenye kumbukumbu ya urefu unaotakiwa na inayoweza kujifunza urefu tofauti. Kitu kama hicho kikiwa ndani ya seli, basi ni cha kemia. Kundi lilelile mwaka 2015 lilielekeza kidole kwenye kipokezi cha glutameti kiitwacho mGluR7, ambacho si mlango bali huanzisha mlolongo wa polepole ndani ya seli unaoweza kufungua chaneli za potasiamu. Ugumu uko hapa: mlolongo wa kemia kuwa wa polepole ni rahisi kuuandika. Mlolongo unaojifunza kuwa wa polepole kwa *kiasi* fulani, 200 kwa seli hii na 400 kwa ile, mwalimu akiwa ni uzi mmoja unaopiga mara moja kwa sekunde, bado hatuna mlinganyo wake unaoridhisha. Rasimu tulizonazo zinatumia bwawa la molekuli tofauti, kila moja na kasi yake, na kujifunza kunachagua ipi ifunguliwe. Mwenzangu wa takwimu ameshasema kwamba huko ni kuzirudisha punje kwa jina lingine, na hajakosea sana.

Mpango wa Septemba ni matawi mawili ya msimbo yanayokwenda sambamba. La kwanza linabaki na mtandao mzima, punje zikiongezwa na kelele ikiwa ya lazima, haizimwi hata kwa majaribio ya haraka. La pili linaondoa kila kitu: hakuna punje, hakuna Golgi, ni seli moja ndogo ya Purkinje, nyuzi sambamba mia moja zinazopigwa pamoja kwa kasi isiyobadilika, uzi mmoja wa kukwea, na bwawa la potasiamu lenye kasi nne tofauti. Kigezo cha kufaulu ni kimoja kwa yote mawili, nacho ni kuhamisha ukimya kutoka 250 hadi 500 na kuurudisha, bila mtu kugusa faili la vigezo katikati. Faili hilo limefungwa jana jioni.